Bwawa la chumvi likipata ukungu, usikimbilie mfuko wa chumvi

Maji ya bwawa la kuogelea la nyumbani yakianza kuwa meupe kama yaliyooshea mchele, wenye mabwawa ya chumvi wengi hununua chumvi zaidi na kuimwaga. Tunawasihi wasubiri. Chumvi yenyewe haisafishi maji. Bwawa la chumvi ni bwawa la klorini, ila klorini yake hutengenezwa papo hapo: maji yenye gramu 3 hivi za chumvi kwa lita (bahari ina takriban 35) hupita kwenye seli yenye mabamba yanayopitishiwa umeme, na chumvi hiyo hugeuzwa kuwa klorini. Pampu ikisimama, seli nayo husimama. Umeme ukikatika kutwa nzima katika jua la Machi, klorini iliyokuwemo huliwa na jua na hakuna inayoingia badala yake.

Kabla ya tiba yoyote, funga bwawa. Simama ukingoni utazame tundu la kutolea maji lililo chini kabisa, kwenye kina kirefu. Usipoliona vizuri, asiingie mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Wengi hufia mitoni, ziwani na baharini, lakini bwawa lenye ukungu lina hatari yake: mtoto aliyezama haonekani, hata watu wazima wakiwa wamekaa hatua chache tu kutoka hapo. Hatuna neno la kulainisha jambo hili.

Kisha pima. Karatasi za kupimia zinatosha kuanzia, ingawa vipimo vya matone ni sahihi zaidi. Tazama klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika, inayopaswa kuwa miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH, kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 7.2 na 7.8. Hapa ndipo mabwawa ya chumvi yanapowasumbua watu, kwa kuwa kazi ya seli yenyewe huipandisha pH wiki hadi wiki. pH ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini huwa katika hali yenye nguvu ya kuua vijidudu. Ikifika 8, hubaki takriban robo. Kwa hiyo mtu anaweza kupima, akaona klorini ipo, na bado mwani unaanza kuota.

Pwani kuna sababu ya pili. Visima vingi vya Mombasa, Dar es Salaam na Unguja huchota maji yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe, maji yenye chokaa nyingi. pH ikipanda, chokaa hiyo huacha kuyeyuka: maji hupata weupe, na mabamba ya seli hushika gamba jeupe linalopunguza uzalishaji wa klorini. Ukiliona, zima umeme, fungua seli, uioshe kwa asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, sehemu moja ya asidi kwa kumi za maji, ukifuata maelekezo ya mtengenezaji. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji. Ukimimina maji kwenye asidi itakurukia. Vaa glavu na miwani.

Rekebisha pH kwanza, pampu ikizunguka, kisha ongeza klorini jioni, jua likishazama. Usiitegemee seli kwa kazi hii, maana huzalisha polepole. Bwawa la mita 8 kwa 4 lenye kina cha wastani cha mita 1.5 lina lita 48,000. Kuipandisha klorini yake kwa miligramu 10 kwa lita kunahitaji gramu 480 za klorini halisi, yaani kama gramu 740 za unga wenye nguvu ya asilimia 65, au lita 4.8 za klorini ya maji ya asilimia 10. Kwa maji ya kisima cha pwani tunapendelea ile ya maji, kwani unga huo huongeza chokaa. Nunua iliyotengenezwa karibuni. Joto huipunguzia nguvu. Na kamwe usichanganye klorini na asidi, wala aina mbili za klorini katika ndoo moja. Gesi inayotoka huharibu mapafu, na baadhi ya michanganyiko hulipuka.

Baada ya hapo chujio ndilo linalofanya kazi. Sugua kuta, acha pampu izunguke usiku na mchana, na uoshe mchanga ulio ndani ya chujio kwa kurudisha maji nyuma pale tu kipimo cha mgandamizo kinapopanda kwa 0.5 hivi juu ya kilivyokuwa chujio likiwa safi, kwa kipimo cha baa. Kuosha kila saa hakusaidii. Mchanga wenye uchafu kidogo hunasa chembe ndogo vizuri zaidi.

Shabu ije mwisho kabisa. Inakusanya chembe na kuzizamisha, lakini hushusha pH na haiui mwani. Pampu huzimwa usiku kucha, na asubuhi tope hufyonzwa na kutupwa nje bila kupitishwa kwenye chujio. Mbegu za mlonge, zinazotumika kusafishia maji ya mtungini, zisiingie hapa: huacha mabaki yanayokula klorini.

Ukungu ukiondoka, pima chumvi. Mvua za masika huizimua, na ikishuka chini ya gramu 2.5 hivi kwa lita seli nyingi huanza kulalamika. Hapo sasa ongeza, ukichagua chumvi iliyosafishwa, maana chumvi ghafi ya mashamba ya chumvi huja na udongo. Watoto warudi majini tundu la chini likionekana wazi, pH ikiwa mahali pake na klorini imeshuka chini ya miligramu 5 kwa lita.