Machi si "mji" tu

"Mwalimu, machi ni mji, hilo nimeshalikariri." Haya, ndivyo anavyoanza mwanafunzi wa lugha ya Kijapani. Kesho yake anakutana na 町, keshokutwa na 街, zote machi, na kamusi yake ya mfukoni inamwambia zote ni mji. Basi anaamua ni neno moja lenye maandishi mawili, kila mtu achague lake. 町 ina mistari 7, 街 ina 12. Mnajua anachagua ipi.

Si neno moja kimatumizi, na Kiswahili chenyewe kinatupa pa kushika. 町 ni mji au mtaa: mahali penye jina na mipaka, panapoandikwa kwenye anwani. 街 ni mjini: kwenye maduka, taa na watu wengi. Mkazi wa Mbagala husema anakwenda mjini ilhali Mbagala ni Dar es Salaam hiyohiyo. "Mjini" ya namna hiyo ndiyo 街.

Maneno ambatani ndiyo yanayomaliza ubishi. Humo 街 husomwa gai: shōtengai (商店街), mtaa wa maduka, hankagai (繁華街), kwenye pilikapilika na starehe, chikagai (地下街), maduka ya chini ya ardhi. Ukiweka 町 hapo umekosea tahajia, hakuna mjadala. 町 nayo husomwa chō: chōmin (町民), wakazi wa mji, chōchō (町長), meya wao. Kwa hiyo usitengeneze kadi ya kukariri ya "machi = mji". Tengeneza mbili: mbele kanji (herufi yenyewe, kama 町) peke yake, nyuma njia zake mbili za kusomwa pamoja na neno ambatani moja. Kadi isiyo na neno ambatani ichane.

Na 街 inavurugika mkononi kwa sababu watu huandika 行 nzima kwanza, halafu wanasokomeza katikati. Anza kushoto 彳 (mistari 3), kisha 土 mbili, moja juu ya nyingine (6), umalizie kulia 亍 (3).

Dhana nyingine hazihitaji maneno mengi.

"Shi (市, mji wenye hadhi ya jiji) lazima iwe kubwa kuliko machi." Sheria ya mwaka 1947 inataka watu 50,000 ili mji upewe hadhi ya shi, ila watu wakihama hadhi haiondoki. Utashinai, mji wa zamani wa makaa ya mawe huko Hokkaido, ni shi yenye watu wasiofika 4,000. Fuchū ya wilaya ya Aki, Hiroshima, imevuka 50,000 na bado ni 町. Na Tokyo? Iliacha kuwa shi mwaka 1943.

"Kuna kanuni ya lini 町 ni chō na lini ni machi kwenye majina." Haipo. Ōtemachi na Yūrakuchō zote ziko Chiyoda, katikati ya Tokyo. Hokkaido miji yote ni chō, isipokuwa Mori, ambao ni machi. Jina kwa jina, basi.

"Matamshi si shida, ni kama mwezi wa tatu." Sisi tunakaza MA. Kwa lafudhi ya Tokyo, ma iko chini, chi inapanda, na sauti inashuka kwenye ga, neno dogo la kuonyesha kiima, linalofuata: machi ga. Ukikatisha sauti kidogo kabla ya chi, umesema matchi (マッチ), kiberiti. Toshi (都市), jiji, ndiyo inayoanzia juu. Ukiipandisha mwishoni inakuwa mwaka (年).

Shigai ndiyo mbaya kuliko zote. 市街 ni maeneo ya mjini, 市外 ni nje ya mji, na hutamkwa sawasawa. Shigaichi (市街地) ni mjini penyewe. Shigai kyokuban (市外局番) ni namba ya eneo unayoanza nayo kupiga simu ya mezani. Ukisikia shigai tupu na sentensi haikusaidii, omba uandikiwe.