Kupima injini ya utafutaji: utajuaje kwamba badiliko limesaidia?

Nyuma ya kisanduku cha kutafutia cha tovuti yoyote kuna kanuni zinazoamua kitu gani kitangulie na kipi kifuate. Kupima utafutaji ni kulinganisha kwa hesabu matokeo ya kabla na ya baada ya kubadilisha kanuni hizo, tena kwa maswali ya aina zote ambayo wateja huuliza. Lile swali moja lililomfanya fundi aziguse halitoshi.

Tuchukue duka la chakula la mtandaoni hapa Lubumbashi, linalopeleka bidhaa katika komini za Kenya, Katuba na Kampemba. Baadhi ya wateja huandika "bukali" badala ya "bukari", yaani ugali. Injini inajibu kwamba hakuna kitu, na huku mifuko ya unga imejaa ghalani. Fundi anairuhusu isamehe kosa la herufi moja, anajaribu "bukali", unga unatokea, basi anaona kazi imekwisha. Lakini mama anayetafuta "sombe" (majani ya muhogo) sasa analetewa pombe, maana maneno hayo yanatofautiana kwa herufi moja tu, na kwa kuwa bia inanunuliwa sana, inakaa juu kabisa.

Ili kulinasa kosa hilo kabla halijamfikia mteja, unahitaji orodha ya maswali isiyobadilika. Yachotwe katika kumbukumbu za tovuti yenyewe kama yalivyoandikwa, pamoja na makosa yake na Kifaransa chake kilichochanganywa na Kiswahili. Uchukue yanayoulizwa kila saa, na pia yale yanayoulizwa kwa nadra. Kisha watu wapitie kila swali na kuipa kila bidhaa inayotokea alama: 3 ikiwa ndiyo hasa iliyotakiwa, 0 ikiwa haihusiani. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito wote wa kazi. Alama za sombe zitolewe na mtu anayeipika, na asiambiwe matokeo yapi ni ya zamani na yapi ni mapya. Wawili wakitofautiana, wajadiliane. Mara nyingi utagundua kwamba swali lenyewe lina maana mbili.

Njia hii ina umri mkubwa kuliko intaneti tuliyonayo. Katika miaka ya 1960, huko Cranfield, Uingereza, Cyril Cleverdon na wenzake walikusanya maandishi 1,400 na maswali 225, wakaamua maandishi yapi yanajibu swali lipi, ili mifumo tofauti ipimwe kwa mizani ileile. Tangu 1992, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, huandaa TREC, mashindano ya mifumo ya utafutaji, kwa msingi huo.

Alama zikishapatikana, nafasi nayo ihesabiwe, kwa sababu kitu kizuri kilichozikwa chini hakimfai mtu mwenye simu ndogo. Kipimo kinachotumika sana, NDCG, huchukua alama ya nafasi ya kwanza nzima, ya pili huzidishwa kwa 0.63, ya tatu kwa 0.5, na kuendelea kushuka. Kabla ya badiliko, "sombe" ilileta sombe mbichi (3), sombe kavu (2), na mafuta ya mawese ya kuipikia (1): jumla 4.76, mpangilio bora kabisa. Baadaye ikaja bia (0), sombe mbichi, kisha sombe kavu: jumla 2.89. Ukigawanya kwa ile bora, swali hili limeanguka kutoka 1 hadi 0.61.

Wastani wa maswali yote unaweza kupanda hata hivyo, kwa sababu "bukali" imetoka sifuri. Ndiyo maana lazima usome swali moja moja, uone yapi yamepanda na yapi yameshuka. Na baadhi ya maswali yafichwe, fundi asiyaone anaporekebisha, la sivyo atatengeneza injini inayofaulu mtihani huo tu.

Baada ya hapo ndipo wateja halisi huingia: nusu wanaonyeshwa matokeo ya zamani, nusu mapya, au orodha mbili zinachanganywa kuwa moja na kuangaliwa bidhaa za upande gani zinabonyezwa zaidi. Mibonyezo isomwe kwa uangalifu. Kilicho juu hubonyezwa kwa sababu tu kiko juu, na mteja aliyeona bei kwenye orodha akapiga simu kuagiza hakubonyeza chochote ingawa alihudumiwa vizuri. Duka lenye wateja wachache litangoja sana kabla tofauti ya kweli haijaonekana. Ningekuwa na duka kama hilo, ningetumia muda wangu kwanza kwenye orodha ya maswali, na kila mteja anayelalamika kwamba hakupata alichotafuta, swali lake ningeliongeza humo.