Kusaini si kushiriki

"Nimeshasaini, nimemaliza." Walimu wengi bado wanaichukulia MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini nchini Tanzania, kama semina za zamani: saini, chai, posho, nyumbani. Sivyo. Sehemu kubwa hufanyika shuleni penyewe, kwenye jumuiya za ujifunzaji. Mwalimu wa hisabati analeta mada inayomsumbua, tuseme kugawanya sehemu; wenzake wanaandaa somo pamoja naye, mmoja analifundisha huku wengine wakiangalia wanafunzi wanakwama wapi, kisha wanalijadili. Asiyechangia lolote hapo, hata asipokosa kikao, kwangu mimi amejaza kiti tu. Aliyekosa kikao kwa ugonjwa ana njia ya kufidia: moduli za TET, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania, ziko mtandaoni, atajisomea.