Saligna: si chumvi, wala si kosa la sarufi

Mkaratusi unaopandwa Afrika Mashariki kwa ajili ya nguzo, mbao na kuni, ambao jina lake la kitaalamu ni Eucalyptus saligna, hubeba kivumishi cha Kilatini ambacho wengi hukitaja bila kujua asili yake.

Dhana potofu: saligna inatokana na sal, yaani chumvi. Ukweli: kitu chenye chumvi kwa Kilatini ni salsus. Kivumishi chetu kimetoka kwa salix, yaani mti uitwao mwerebi, ambao shina lake ni salic-. Lilipoongezwa -nus, sauti ya c mbele ya n ikageuka g, ndipo tukapata salignus, “cha mwerebi”. Ndivyo pia majina mengine ya miti: ilex ilivyozaa ilignus na larix ikazaa larignus. Kwa hiyo anayelinganisha neno hili na benignus (mwema), ambamo -gnus ni masalio ya kitenzi cha kuzaa, amedanganywa na mfanano wa herufi tu. Katika kitabu cha saba cha utenzi wake Aeneid, mshairi wa Kirumi Virgil anawaonyesha watu wanaojiandaa kwa vita wakipinda salignas crates, fito za mwerebi zilizosukwa kuwa kiunzi cha ngao.

Dhana potofu: Eucalyptus huishia na -us, basi ingepaswa kuandikwa salignus. Kosa hili lina mantiki, na mimi sioni aibu kwa anayelifanya. Hata hivyo, katika Kilatini majina ya miti kwa desturi ni ya jinsia ya kike hata yanapovaa mwisho wa kiume, na wanabotania wamelishika jambo hilo, ndiyo maana mtarakwa huitwa Juniperus procera, si procerus. Mswahili halishangai: husema “kiboko mkubwa”, si “kiboko kikubwa”, kwa kuwa maana ya nomino hulishinda umbo la kiambishi chake. Desturi hiyo haiienei miti yote, kwani Acer (miti inayoitwa maple kwa Kiingereza) haina jinsia ya kike wala ya kiume, na huandikwa Acer rubrum.

Dhana potofu: kwa kuwa umeitwa saligna, mkaratusi ni ndugu wa mwerebi. Ukweli: mwanabotania James Edward Smith, aliyelichapisha jina hilo mwaka 1797, alitumia kivumishi cha mfanano, na majani yake membamba yaliyochongoka ndiyo yanayoukumbusha mwerebi. Ndugu zake wa kweli ni mpera na mkarafuu wa Zanzibar.