Kukata uzito: maana yake, na kwa nini si sawa na kupungua

Usiku wa kuamkia Agosti 7, 2024, jijini Paris, mwanamieleka wa India Vinesh Phogat hakulala. Mchana wake alikuwa ameshinda mapambano matatu ya Olimpiki katika daraja la kilo 50, la kwanza akiwa amemtoa Yui Susaki wa Japani, bingwa wa Tokyo. Asubuhi ya siku hiyo alipimwa akiwa na kilo 49.9. Lakini mtu anayepigana mara tatu kwa siku lazima ale na anywe, na jioni mizani ilimwonyesha yuko karibu na kilo 53. Kesho yake asubuhi angepimwa tena. Basi usiku kucha alikimbia, akakaa sauna, hakuweka kitu mdomoni, hata nywele zikapunguzwa. Kulipokucha akasimama juu ya mizani: kilo 50.1.

Gramu 100, yaani nusu glasi ya maji. Hakucheza fainali, na kwa kanuni za mieleka akawekwa nafasi ya mwisho kabisa. Rufaa yake ikatupwa wiki moja baadaye.

Alichokuwa akifanya usiku ule wapiganaji hukiita kukata uzito. Ni neno linalosikika kila ukumbi wa ngumi na kila dojo, na watu wengi wanaolitumia wanadhani ni jina jingine la kupungua. Sivyo. Kukata uzito ni kuushusha mwili kwa makusudi, ndani ya siku au saa chache kabla ya kupimwa, ili usome chini ya kikomo cha daraja fulani, huku ukikusudia kuurudisha uzito huohuo kabla ya pambano. Hicho kipande cha mwisho ndicho kinachobeba maana yote. Anayepungua anataka kilo ziende zisirudi. Anayekata anaziweka rehani tu, akapimwe, kisha akazikomboe.

Chanzo chake ni madaraja. Michezo ya kupigana hugawa watu kwa uzito ili mwenye kilo 95 asimponde mwenye kilo 60. Katika judo ya wanaume madaraja ya Olimpiki ni kilo 60, 66, 73, 81, 90, 100 na zaidi ya 100. Wanawake wanaanzia 48. Mtanzania Andrew Thomas Mlugu alipocheza Paris mwaka huohuo wa 2024, alikuwa kwenye 73. Sasa fikiria kijana mwenye kilo 77. Akibaki hivyo, yumo daraja la 81 na huenda akakutana na watu walioshuka kutoka 85. Akijibana mpaka 73 atakutana na wembamba zaidi yake. Hesabu hiyo kila mtu anaipiga, na hapo ndipo mchezo mzima unapojifunga kitanzi: mpinzani wako naye amekata. Mkiingia ulingoni, wote mmekauka, na ile faida mliyoikimbilia haipo tena.

Kilo nne hizo zinatoka wapi? Si kwenye mafuta, angalau si kwa wiki moja. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kilokalori 7,700. Kuondoa kilo nne kwa siku saba kungehitaji upungufu wa kilokalori 4,400 kila siku, na wengi wetu hatuli kiasi hicho hata siku ya harusi. Usile kabisa na bado hesabu haitatimia. Kwa hiyo mpiganaji anachota mahali pengine, tena kwa mpangilio.

Mahali pa kwanza ni ghala la wanga. Ugali, wali, ndizi na viazi unavyokula, sehemu yake huhifadhiwa kwenye misuli na ini kama glaikojeni, jumla kama nusu kilo kwa mtu mzima anayefanya mazoezi. Kila gramu ya glaikojeni hulala pamoja na gramu tatu hivi za maji. Ukiacha wanga siku chache huku unaendelea kujituma, ghala linakwisha na maji yake yanaondoka nayo, na hapo kilo mbili zinaweza kuporomoka. Ndiyo siri ya ile milo ya “siku tatu bila wanga” inayosifiwa mitaani. Mizani inashuka kweli, lakini mafuta yako hayajaguswa sana, na sahani chache za pilau zinarudisha kila kitu.

Mahali pa pili ni tumboni. Maharage, mchicha, dona na matunda yana nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi hukaa kwenye utumbo zikiwa zimeshika maji. Mpiganaji anayejua kazi yake hubadili siku mbili tatu za mwisho: wali mweupe kidogo, mayai, samaki, mboga za majani kando. Kwa muda mfupi hivyo hakuna madhara ya maana, na kilo moja hivi hutoka bila jasho. Chumvi nayo hupunguzwa, kwa kuwa hushikilia maji. Binafsi naona hapa ndipo ukataji ungepaswa kuishia.

Ila wengi hawaishii hapo. Mahali pa tatu ni maji ya mwili wenyewe. Takriban asilimia 60 ya uzito wa mwanamume ni maji, kwa hiyo mwenye kilo 70 amebeba lita 42 hivi. Ukitazama hivyo, lita tatu zinaonekana ndogo. Basi wanavaa nailoni chini ya sweta, wanakimbia jua la saa saba, wanaoga maji ya moto, wanatema mate kwenye chupa. Nimemwona kijana akitafuna bazoka na kutema kwa saa nzima, macho yamemtumbukia, halafu anaulizia gramu 300 zilizobaki kama mtu anayedai deni.

Shida ni kwamba mwili hauna debe la akiba la maji yasiyo na kazi. Jasho linatoka kwenye damu. Damu ikipungua ujazo, moyo unalazimika kupiga mara nyingi zaidi kusukuma kiasi kilekile, ngozi inakosa damu ya kutolea joto, na mwili unaanza kuchemka kwa ndani. Figo nazo hupata damu kidogo. Ukipoteza asilimia mbili tu ya uzito kwa jasho, pumzi ya raundi za mwisho inaanza kuonyesha tofauti. Ukifika asilimia tano, akili inakuwa nzito, na mpiganaji mwenye akili nzito hupigwa ngumi ambazo siku nyingine angezikwepa. Ukiongeza kukimbia ndani ya nailoni juu ya hayo yote, umefunga mlango ambao joto lilikuwa litokee.

Watu wamekufa kwa hili. Kati ya Novemba na Desemba 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki ndani ya wiki tano, kila mmoja akijitoa jasho kwa nguvu ili afikie uzito, wakiwa kwenye vyumba vya joto na mavazi yasiyopitisha hewa. Baada ya hapo chama cha michezo ya vyuo kikapiga marufuku sauna na mavazi hayo, na kikaanza kupima mkojo kuhakikisha mwanafunzi hajakauka siku anapopangiwa daraja. Desemba 2015, Yang Jian Bing wa China, mwenye miaka 21, alifariki Manila siku ya pambano lake katika mashindano ya ONE Championship, baada ya kuanguka akikata uzito. Nayo ONE ikaleta kipimo cha mkojo: sasa hufaulu kwa kilo peke yake, lazima pia mkojo uonyeshe una maji.

Ukubwa wa hatari unategemea sana saa zilizopo kati ya mizani na pambano, na hapa kila mchezo una mtindo wake. Mabondia wa kulipwa hupimwa siku moja kabla, ule mchana wa tambo na kusukumana mbele ya kamera. Judo hupima jioni ya kuamkia mashindano. Mieleka ya kimataifa hupima asubuhi ya siku yenyewe, na anayefika fainali hupimwa tena kesho yake. Ndiyo kanuni iliyomnasa Phogat. Watu wanaolaumu kanuni hiyo kuwa ya kikatili wanasahau kwamba iliwekwa ili kukata uzito kusilipe. Saa zikiwa chache, mtu anaogopa kujikausha. Zikiwa nyingi, anajikausha zaidi akijua atanywa usiku. Ila ukimweka mchezaji siku mbili mfululizo kwenye daraja lililo chini ya mwili wake, naye asikubali kupanda, matokeo ndiyo yale ya Paris. Phogat mwenyewe kwa muda mrefu alikuwa akicheza kilo 53.

Baada ya mizani kuna kazi ya kurudisha, na wengi huiharibu kwa pupa. Kanuni ya kawaida ni kunywa lita moja na nusu kwa kila kilo ya maji iliyotoka, kwa sababu sehemu itaishia chooni. Kunywa kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Maji matupu hayatoshi. Bila chumvi mwili hauyashiki, na ukiyabugia kwa wingi unaipunguza chumvi ya damu, jambo ambalo ni hatari kwa namna yake. Pakiti ya ORS ya duka la dawa, ileile anayopewa mtoto anayeharisha, ni kinywaji kizuri kuliko nusu ya vile vyenye picha ya radi kwenye chupa. Madafu pia ni mazuri, ila yana chumvi kidogo, basi yaende na chakula chenye chumvi. Kisha wanga mwepesi: uji, wali, ndizi mbivu, viazi vya kuchemsha. Nyama choma na chipsi zisubiri baada ya pambano. Mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu, na hakuna raha kupigwa teke la mbavu ukiwa na mishikaki haijashuka.

Na dripu? Kuna wanaotoka kwenye mizani moja kwa moja kwenda kutundikiwa. Chini ya kanuni za dunia za kupambana na dawa michezoni, maji ya mshipani yanayozidi mililita 100 kwa saa 12 yamekatazwa, isipokuwa kwa matibabu halali ya hospitali. Vidonge vya kukojoza navyo vimo kwenye orodha ya marufuku. Kocha anayekuletea kidonge cha presha “cha kumalizia gramu za mwisho” anakuhatarishia moyo na leseni kwa mkupuo mmoja.

Kwa asiyepigana kabisa, neno hili halimhusu, ingawa ndiye ninayemwona kila Jumapili ufukweni amejifunga mfuko wa plastiki tumboni. Jasho halichagui mahali pa kutoa mafuta. Anapoteza kilo moja ya maji, anakunywa, inarudi, na anaamini mwili wake ni mkaidi. Wanaofunga Ramadhani wanalijua jambo hili vizuri: uzito wa magharibi si uzito wa baada ya futari, na hakuna anayejidanganya kwamba kanenepa kilo mbili kati ya adhana na tarawehe.

Mpiganaji anayetaka daraja la chini kwa haki anapungua kwanza, wiki kadhaa mapema, kwa kasi ya nusu hadi asilimia moja ya uzito wake kwa wiki. Mwenye kilo 77 hiyo ni gramu 400 hadi 800 hivi. Anapunguza kwanza mafuta ya kupikia, soda, vitumbua na chapati za chai, si ugali anaotegemea mazoezini. Protini anaipandisha, gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kila kilo ya mwili, ili kinachoondoka kiwe mafuta na misuli ibaki. Kwa huyu wetu ni kati ya gramu 123 na 170 kwa siku, na hazipatikani kwa mayai mawili ya asubuhi, maana yai moja lina gramu sita tu. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 15, gramu mia za kidari cha kuku kilichopikwa kama 30, glasi ya maziwa nane. Dagaa wakavu ni utajiri tunaoudharau kwa sababu ni wa bei nafuu.

Watoto na vijana wanaokua wasikate uzito hata gramu moja. Wapande daraja mwili unapopanda. Mwanamke ambaye hedhi yake imesimama kwa sababu ya mlo mdogo na mazoezi mengi ameshavuka mpaka, mizani iseme itakavyosema, na anamhitaji daktari kuliko kocha.

Namna rahisi ya kujua kama daraja ni lako: jipime asubuhi tatu mfululizo, baada ya choo, kabla ya chai, ukiwa umekunywa maji ya kutosha na mkojo wako ni wa njano hafifu. Chukua wastani, uulinganishe na kikomo cha daraja. Judo ina kanuni inayosaidia kupiga hesabu hii: asubuhi ya mashindano baadhi ya wachezaji huchaguliwa kwa kura na kupimwa tena bila judogi, yaani vazi la judo, na hawaruhusiwi kuzidi kikomo cha daraja kwa zaidi ya asilimia tano. Kwa daraja la 73, hiyo ni kilo 76.65. Kijana wetu wa 77 akila na kunywa kama kawaida yake usiku ule, kura ikimwangukia asubuhi ametoka.