Levodopa haichakai kwa kuanzwa mapema

Wapo wengi wanaoamini kuwa levodopa, dawa kuu ya ugonjwa wa Parkinson, hufanya kazi miaka mitano tu. Basi mgonjwa anavumilia kutetemeka na kukakamaa, eti anaitunza. Hofu hiyo ina chanzo: miaka ikienda, dozi huanza kuisha nguvu kabla ya saa ya nyingine, na mwili hujinyonganyonga wenyewe.

Lakini utafiti uliochapishwa 2014 ulilinganisha wagonjwa wa Ghana, waliochelewa kupata dawa, na wa Italia walioianza mapema. Matatizo hayo yaliwajia baada ya kuugua kwa muda unaokaribiana. Kinachosonga mbele ni ugonjwa: seli za ubongo zinazotunza dopamini (kemikali inayoongoza mijongeo ya mwili, ambayo levodopa hugeuka kuwa) zinapungua. (Dozi kubwa nayo huchangia, ndiyo maana daktari huanza na ndogo.)

Wakati mwingine dawa ikionekana haifanyi kazi, tatizo liko mezani. Kidonge kikimezwa na sahani ya maharage au nyama, protini hugombania nacho njia ya kuingia mwilini; afadhali nusu saa kabla ya kula. Kichefuchefu kikija, usikimbilie metoklopramidi ya dukani, huzidisha ukakamavu. Na usiache levodopa ghafla: kunaweza kuua.