Umelipia 40, simu inasoma 17: dhana potofu kuhusu kupima kasi ya intaneti nyumbani

"Nimelipia 40, faili linapakuliwa kwa 5. Nimeibiwa."

Hujaibiwa. Kampuni huuza kasi kwa megabiti kwa sekunde, Mbps. Kompyuta inapopakua faili huonyesha megabaiti, MB. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo gawanya kifurushi chako kwa 8: Mbps 40 ni MB 5 kwa sekunde. Hata 4.6 au 4.7 ni sawa, maana sehemu ya kila pakiti hubeba anwani, si faili lenyewe.

"Nimepima kwa simu chumbani, nimepata 17."

Hapo umepima waifai, hujapima laini. Kasi unayoilipia inaishia kwenye ruta. Kutoka hapo hadi mkononi mwako ni shauri la kuta, umbali na majirani. Masafa ya 2.4 GHz hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na katika ghorofa la wapangaji kila mlango una ruta yake. 5 GHz ina nafasi kubwa, ila ukuta wa tofali za saruji huipunguza sana, na zege lenye nondo ndilo baya zaidi.

Kipimo cha kusimama nacho mbele ya kampuni ni cha waya. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya wa mtandao wa daraja la Cat5e au bora zaidi, zima waifai na VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine), simamisha masasisho, kisha ondoa mtandaoni simu zote na televisheni. Pima mara tatu, andika namba ya katikati. Rudia asubuhi, mchana, na kati ya saa mbili na saa nne usiku, kwa siku tatu. Huna kompyuta? Simama mita mbili kutoka kwenye ruta, simu ikiwa kwenye 5 GHz, ingawa ushahidi huo una nguvu kidogo.

Ukiwa na kifurushi cha 200 na namba inagota 94 au 95 kila mara, usipige simu bado. Ama tundu la ruta au la kompyuta ni la Mbps 100, ama waya una jozi iliyokatika, maana ndani yake mna nyaya nyembamba zilizosokotwa mbili mbili. Gigabiti, yaani Mbps 1,000, huhitaji jozi zote 4; Mbps 100 hutosheka na 2, basi vifaa hushuka kimyakimya. Badilisha waya, upime tena.

"Speedtest imesoma 40, basi kila tovuti itakwenda 40."

Speedtest, programu ya kupima kasi, huchagua seva (kompyuta inayojibu kipimo) iliyo karibu, mara nyingi ndani ya mtandao wa kampuni yako mwenyewe. Hicho ni kipande kifupi cha safari. Seva za Ulaya hufikiwa kwa kebo za baharini, na Mei 2024 kebo mbili kati ya hizo, EASSy na Seacom, zilipokatika, tovuti za nje zilijikokota Kenya na Tanzania, hata kwa mtu ambaye laini yake ya nyumbani ilikuwa nzima. Chagua seva mwenyewe: moja ya nchini iliyo nje ya kampuni yako, nyingine ya London au Marseille.

"Simu za video zinakatika, niongeze kifurushi."

Pengine utatupa pesa. Tazama milisekunde, yaani muda wa data kwenda na kurudi, wakati kipimo kinaendelea. Zikiruka kutoka 12 hadi 400, tatizo ni foleni ndani ya ruta, na mara nyingi chanzo ni simu inayotuma picha kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ruta yako ikiwa na QoS, mpangilio wa kugawa zamu za data, iwashe, uwekee kikomo cha asilimia 90 ya kasi uliyoipima, hasa upande wa kutuma.

"Wameandika 40, basi ni 40 saa zote."

Tafuta neno "hadi" kwenye mkataba. Faiba ya GPON, yaani waya wa kioo unaopitisha mwanga na kugawanywa kwa nyumba nyingi, hubeba takriban Gbps 2.5 (Mbps 2,500) za kupakua, na nyumba 32 au 64 huweza kugawana hizo. Kasi ikishuka kila usiku na kurudi alfajiri, ni msongamano. Ikishuka tarehe fulani na kubaki chini hadi ulipie upya, umegonga kikomo cha matumizi. Ikiwa chini saa zote, fungua mipangilio ya ruta, tafuta nguvu ya mwanga unaopokelewa: karibu na -27 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) au chini yake, yaani -28 au -29, waya umekunjwa kona kali au kiunganishi kina uchafu, na hiyo ni kazi ya fundi wao. Mwanga ukiwa mzuri, waulize laini yako imewekewa kifurushi gani kwenye mfumo wao.

Ukisema tu "intaneti iko slow," utaambiwa uzime ruta na kuiwasha. Tuma picha za vipimo zenye tarehe, saa na jina la seva, taja kwamba vyote ni vya waya, udai namba ya malalamiko. Wasipotatua, namba hiyo ndiyo utakayoipeleka Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, au TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa Tanzania.